Kitabu cha Baba Mkwe Ambacho Hakikunichekesha

Baba mkwe alikuja kwetu Noonkopir kungoja upasuaji wa macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili, na mtu aliyefundisha maisha yake yote hakuweza tena kusoma hata kichwa cha gazeti. Kwenye begi lake alikuwa amebeba riwaya moja kuukuu ambayo mume wangu aliisikia ikisifiwa tangu utotoni.

"Mama, nisomee hii," aliniambia. "Utacheka mpaka ushike mbavu."

Kwao, magharibi mwa nchi, mke wa mwana hamsogelei baba mkwe. Nilivuta kiti hadi mlangoni, nikasoma kwa sauti kutoka huko. Kila baada ya kurasa chache aliinua uso, akingoja kicheko changu. Hakikuja. Riwaya yote ilimcheka mfanyakazi wa nyumba ambaye hakujua kutamka maneno ya matajiri wake, akavunja vyombo, akafukuzwa, akarudi kupiga magoti.

Jioni moja nilijilazimisha nikacheka.

Akashtuka. "Unacheka nini? Hapo si mtoto wa huyo mfanyakazi ni mgonjwa?"

Nilitamani sakafu inimeze. Nilifunga kitabu.

"Baba, niwie radhi. Mimi sioni kichekesho. Mamangu alifanya kazi kwa nyumba za watu. Nikisoma, namwona yeye."

Alipapasa ukuta hadi chumbani, na ugali wake ukapoa mezani.

"Umemwambia nini mzee?" mume wangu aliuliza kwa kunong'ona.

Asubuhi yake, siku ya upasuaji, tulimpeleka hospitali, Kajiado. Muuguzi alipomshika mkono na kumwingiza ndani, nilikaa kwenye benchi. Je, presha ikimpanda? Je, jicho likiharibika kabisa, na neno la mwisho alilosikia kwangu liwe lile? Kila mlango ulipofunguliwa niliinuka, na kila mara alikuwa mgonjwa mwingine.

Hatimaye alitoka, jicho moja limefunikwa bandeji, akaketishwa kwenye benchi. Aliuliza kama niko hapo.

"Niko hapa, Baba."

"Nimekuwa nikifikiria. Hicho kitabu tulikuwa tunasomeana ofisini, walimu wote, wakati wa chai. Kulikuwa na mmoja akicheka, chai inamtoka puani. Sasa tumebaki mimi na mwingine mmoja, na huyo hanitambui tena." Akaigusa bandeji. "Jana uliposoma, niliona si kitabu nilichokuwa nakipenda, ni wale walimu."

Mume wangu alijifanya anatafuta funguo za gari.

"Mamako bado yuko hai?" mzee aliuliza.

"Yuko, Baba."

"Hawa watu alikuwa anafanyia kazi, walikuwa wanamtendea aje?"

Nilikaa upande wa pili wa benchi, nikiacha nafasi kati yetu, nikaanza kumweleza.