Kanda Bora ya Mwaka, Chanji

Sisi wa mtaa wa Chanji mwaka wa muziki hatukuuhesabu kama wengine. Kanda ilikuwa ya mwaka huu kama imefika Sumbawanga mwaka huu. Imetoka lini huko ilikotoka, imepigwa na nani, wapigaji wako hai au walishazikwa, hayo yalikuwa yao. Lori likikwama kwenye tope la njia ya Tunduma tangu kabla ya Krismasi, kanda zilizokuwemo zilikuwa za mwaka uliofuata na hakuna aliyebisha. Kila mwisho wa mwaka tulikaa kwenye benchi la kibanda cha kurekodia, tukabishana mpaka tukapata kanda moja iliyotupiga kuliko zote. Mwaka ninaousimulia hatukukaa. Kila mtu aliijua kanda iliyoshika namba moja, maana ndiyo iliyotaka kumtoa fundi wetu roho.

Muziki wenyewe ulikuwa mzito. Magitaa yanayokwaruza, ngoma zinazopigwa kama mtu anavunja mlango, na mwimbaji anayeunguruma badala ya kuimba. Mji mzima ulicheza muziki wa Kongo na kusikiliza kwaya. Redio ya taifa isingethubutu kuugusa huu wetu. Mimi nilikuwa binti wa mtumishi wa serikali aliyehamishwa kutoka Mbeya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo huku nikimsaidia mama dukani, na duka letu lilipakana ukuta kwa ukuta na kibanda. Mama alisema muziki ule unatoka kuzimu. Nikamwambia basi huko kuzimu wana mpiga ngoma mzuri. Alinikimbiza na mwiko.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa. Rafu za maduka zilizokaa tupu tangu utoto wangu zilijaa ghafla sabuni za rangi rangi, betri, biskuti na vioo. Mitumba ikaingia kwa marobota kutoka Zambia, na ndani ya marobota zikaja fulana nyeusi zenye mafuvu. Wauzaji walishindwa kuzitoa, maana Mfipa gani wa kanisani atavaa fuvu kifuani? Sisi tulizichukua. Kanda zilipita njia hiyohiyo: nyingine Tunduma, nyingine kwa boti hadi Kipili, zimefungwa pamoja na migebuka mikavu, na zikifika zinanuka samaki. Hata leo nikisikia gitaa zito pua yangu inatafuta samaki.

Fundi naye alikuwa ameshukia Kipili miaka michache nyuma. Hakuna aliyejua kwao ni wapi hasa. Alikuwa mtu mpole, mrefu, anakunywa chai isiyo na sukari, na fulana yenye fuvu aliivaa hadi Jumapili. Mtu asiye na shangazi wala mjomba mjini, anayevaa fuvu na kukaa gizani na mashine zinazounguruma! Nilimtania kwamba akikosa kanda atakosa hata mtu wa kumzika. Alicheka. Mimi pia nilicheka, siku zile.

Kanda za mwaka ule zilikuwa nzuri kuliko za miaka yote. Moja tuliiita Mashine ya Kusaga, kwa sababu ngoma yake ilikuwa na ule mdundo wa mashine ya unga pale sokoni, haina huruma wala haipumziki. Niliipenda asubuhi, nikifagia. Nyingine ilikuwa ya vijana wa Zambia wa zamani, wale wa huko kwenye migodi ya shaba, gitaa lao limejaa mchanga na mwimbaji analalamika kama mtu aliyenyimwa likizo. Rafiki yangu, kijana wa nyumba ya pili kutoka kwetu, aliapa kwamba hiyo ndiyo bora. Alikuwa amekosea, na nilimwambia hivyo kila siku.

Bora ilikuwa ya tatu. Haikuwa na jina wala karatasi, ilifika uchi ndani ya soksi. Tuliiita Bonde. Ilikuwa inashuka. Unajua barabara ya kutoka huku juu kuteremkia Ilemba, unadhani umefika chini, kumbe bado kona nyingine na shimo jingine, ndivyo ilivyokuwa. Mwimbaji hakuwa na haraka hata kidogo. Niliposikiliza mara ya kwanza niliogopa kweli, nikageuka kuangalia mlango, na hapohapo nikajua nitaisikiliza tena.

Lazima niseme jambo moja kuhusu masikio yetu. Umeme ulikuwa wa mgao, kwa hiyo tulisikiliza kwa betri, na betri mpya zilikuwa anasa. Betri zikichoka kanda inazunguka polepole, na sauti inazama. Mwimbaji wa kawaida anakuwa zimwi. Sisi tulipenda hivyo. Tuliziacha betri zichoke makusudi, tukaziweka juani kidogo zipate nguvu ya kumalizia upande wa pili. Mpaka leo sina hakika kama tulizipenda zile bendi au tulipenda betri zetu zilizochoka.

Kila mtu alitaka nakala ya Bonde, lakini kanda tupu zilikuwa zimeadimika, kwa hiyo fundi alisema kila mtu alete yake. Watu walileta walizokuwa nazo nyumbani. Kaseti ina vijino viwili kwa nyuma. Ukivivunja, hakuna mashine itakayokubali kurekodi juu yake. Watu walivivunja ili kulinda harusi zao na mahubiri yao. Fundi alitafuna karatasi, akaziba tundu, mashine ikakubali. Ilikuwa kazi ya kila siku na hatukuona ubaya wowote. Alirekodi huku sauti ameifunga kabisa, asichoshe spika wala kichwa chake.

Rafiki yangu alichukua kanda kwenye kikapu cha mama yake, iliyokuwa chini ya nguo, haina maandishi. Baba yake alikuwa amekufa masika yaliyotangulia. Radi ilimpiga shambani Ilemba, akiwa ameshika jembe, na jembe halikuungua. Kwa hilo la jembe watu walisema radi ile ilitumwa. Nani aliituma hawakusema. Mwaka mzima lile swali lilikuwa linatembea mjini linatafuta mtu.

Bonde ilikuwa fupi kuliko kanda ya yule kijana. Gitaa la mwisho lilipokoma, upande wa pili ulibaki na kipande cha zamani ambacho mashine haikukigusa.

Alasiri moja wingu la mvua likiwa limetanda, kijana aliweka kanda ile kwenye redio yao, betri zikiwa hoi. Mama yake alikuwa uani anapepeta ulezi. Bonde ikaisha. Ikawa kimya, ikalia tiki, halafu akatoka mwanamume, sauti nzito iliyovutwa, anagugumia kama mtu aliyefukiwa. Mama aliitambua. Mke hakosei sauti ya mumewe hata ikitoka shimoni. Ungo ukaanguka. Akamuuliza mwanawe kanda ile ameipata wapi, na kijana, kwa kuogopa kusema aliiiba kwenye kikapu, akasema kapewa na fundi.

Habari zikafika sokoni kabla ya yule mama kufika kwenye kibanda. Fundi amemchukua marehemu msukule. Radi ilikuwa danganya toto tu. Mtu yuko hai, amefungiwa kwenye kanda, anafanyishwa kazi ya kuunguruma ili wauze. Ukisikia leo utacheka. Mimi nilizijua zile kanda zote, na kwa dakika moja nilijiuliza ni nani hasa tuliyekuwa tunamsikiliza mwaka mzima.

Kijana mmoja wa sungusungu, wale walinzi wa mtaa, aliingia dukani kwetu kununua mafuta ya taa. Giza lilikuwa bado mbali. Mama alimwangalia, akamwambia yamekwisha, na pipa lilikuwa nyuma yake linanuka. Kijana akatoka. Tukamwona anavuka barabara kwenda duka la pili.

Nilipotoka nje watu walikuwa wamekizunguka kibanda, wengi wao wateja. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti chake na fuvu lake kifuani, mikono juu ya magoti. Katekista wetu, mzee anayesikia kwa sikio moja, alisimama mlangoni na kusema neno moja tu la maana siku ile.

“Tusikilize kwanza. Hamwezi kumhukumu mtu kwa kitu ambacho hamjakisikia.”

Nilikimbilia dukani nikachukua betri mpya kwenye boksi. Niliamini, kwa akili yangu ya kidato cha nne, kwamba sauti ikitoka sawasawa mambo yatakwisha. Wataona ni mtu wa kawaida anaongea. Nilizitia mwenyewe kwenye redio aliyokuja nayo mama wa rafiki yangu, kanda ikiwa bado ndani, nikairudisha nyuma kidogo, nikabonyeza.

Bonde ikamaliza kushuka. Kimya. Tiki. Halafu baba wa rafiki yangu akaongea, safi kabisa, kama amesimama katikati yetu. Nyuma yake zilisikika sahani na watoto. Ilikuwa sherehe ya Kipaimara ya mwanawe.

“Mama, acha vyombo hivyo. Njoo huku basi, watu wakuone.”

Mjane alikuwa amesimama karibu na benchi. Akasema taratibu, “Nakuja.”

Kanda ikafika mwisho, kitufe kikaruka. Watu wakarudi nyuma hatua. Mwanamke mmoja akasema, “Mmesikia? Anamwita.” Nikaelewa kwamba nimeharibu. Sauti iliyogugumia ingeweza kuwa ya yeyote. Mimi nilikuwa nimemleta yeye mwenyewe. Yule wa sungusungu alikuwa ameshafika na chupa ya mafuta, ameishika chini ya koti.

“Msichome,” mjane alisema bila kumtazama. “Yumo humo.”

Hilo lilikuwa baya zaidi. Nikaona mkono wa fundi unashika ukingo wa kiti.

Mjane akanyoosha mkono, nikampa kaseti. Aliigeuza, akaigeuza tena. Kwa ukucha akachokonoa tundu la nyuma, karatasi iliyotafunwa ikatoka, ngumu na ya manjano. Aliishika kiganjani kwa muda.

“Hivi vijino alivivunja mwenyewe,” alisema. “Kwa kisu cha nyama, siku ileile, wageni wakiwa bado wanakula. Akasema sasa haifutiki. Hii ni kanda yangu.” Akamtazama mwanawe. Kijana akainamisha kichwa, na kila mtu akaona ni nani aliyeichukua.

Nilitegemea watu wataguna na kuondoka. Hawakuondoka. Mjane alikaa kwenye benchi letu, akamwuliza fundi kama mtu anayeuliza njia:

“Kabla ya hapo alisema nini?”

Fundi akaangalia mashine yake.

“Alihutubia muda mrefu, baba wa watu. Mimi nilikuwa jikoni siku ile, nilisikia makofi tu. Nilisema nitaisikiliza nikipata nguvu. Mwaka mzima sikupata nguvu. Sasa wewe ulikuwa naye hapa, kwenye mashine yako. Alisema nini?”

Angeweza kudanganya. Mimi ningedanganya, ningesema alimsifu mkewe, alimshukuru Mungu, nani angejua? Nilimtazama fundi nikimwomba kwa macho adanganye.

“Sijui, mama,” alisema. “Sikumsikiliza. Nilikuwa nimefunga sauti.”

Ngurumo ikapita upande wa bondeni. Aliyeshika chupa alisogea mbele, na mtu wa pili akasogea naye. Mjane akainuka, akaifunga kaseti kwenye pindo la kanga, akafunga fundo juu ya fundo. Alipokuwa anapita kati yao aliwaambia, kwa sauti ileile ya kuuliza njia:

“Mwacheni. Huyu si mchawi. Mchawi angejua alichokichukua.”

Walimwacha. Mvua ilishuka na kila mtu akakimbilia kwake, na chupa ya mafuta ikaachwa kwenye ukingo wa dirisha letu. Fundi alibaki ameketi vilevile na mlango wazi, maji yanamwingilia hadi miguuni. Nilimwambia afunge, akaniangalia kama sikusema kitu.

Watu walitegemea atahama wiki ileile. Alikaa mpaka upepo wa Juni. Lakini kazi haikuendelea, kwa sababu kila kanda aliyoletewa alitaka kuisikiliza kwanza, pande zote mbili, mwanzo hadi mwisho, ndipo airekodi. Wateja walisubiri, wakachoka, wakaenda kwa fundi mwingine karibu na stendi. Siku moja nilimpelekea chai nikamkuta ameinama, sikio limegusa spika, anasikiliza harusi ya watu asiowajua. Mtu fulani alikuwa anatangaza zawadi, debe la maharage, jogoo, mashuka. Nilimwita mara mbili. Aliinua kidole ninyamaze, mpaka yule mtu amalize.