Mkunga Aliponyamaza

Mkunga wa kijiji cha Wambaa, Pemba, ana ulimi wa pilipili, na Rahila aliusikia muda wote wa uchungu: "Sukuma, mwanangu, siku ya harusi mbona hukulia?" Kila mtoto humgeuza, humpangusa, kisha huwatangazia wanawake walioko nje ni wa kike au wa kiume. Huyu alimgeuza, akamgeuza tena, akanyamaza. Rahila akajiinua kwa viwiko amtazame.

"Nimefanya nini, Bibi?"

"Hukufanya kitu, wala si jicho la mtu. Kaumbwa hivi tumboni: haja kubwa na mkojo vina tundu moja. Hupasuliwa, akatengenezwa, lakini ng'ambo Unguja, na mapema."

"Ataishi?"

Mkunga aliifunga kanga ya mtoto, akaifungua, akaifunga tena.

"Unaweza kusimama, twende bandarini?" akauliza.