Nabintu na timu ya kijani

Bado naona kama ni uongo. Leo asubuhi nimepiga namba ya Nabintu, ndipo nikakumbuka kwamba jana tulimzika hapa kambini Nakivale.

Wengi mlimjua katika soko la Base Camp: muuza ndagala, vile visamaki vikavu, yule mwenye kicheko cha kushtua wateja. "Ukiogopa kicheko yangu, bei je? Si utakimbia kabisa!"

Sukari ilipomkamata, watu wa mradi wa afya walimtia kwenye timu ya wagonjwa watano. Kila mchana simu iliuliza: umemeza dawa? Wote wakijibu ndiyo, timu inakuwa kijani na inapongezwa. Mmoja akijibu hapana, timu nzima inageuka nyekundu, na wenzake wanapata meseji.

Jamani, aliipenda! "Ona, dada, baliandika jina yangu na Hongera. Bwana yangu hajawahi."

Halafu dawa zikaanza kukosekana kliniki. Siku aliyojibu hapana, Mama Sifa wa timu yake alimfuata hadi kwenye meza ya samaki: "We Nabintu, unatuharibia rangi! Benzako tunajikaza."

Tangu hapo alijibu ndiyo, dawa ziwepo zisiwepo. Nikamgombeza. "Acha, dada. Batanichukia."

Kanisani akaanza kunywa maji chupa baada ya chupa. Viatu alivivua, alisema nyayo zinawaka.

Nikampeleka kliniki. Vipimo vya sukari vilikuwa vimeisha. Nesi akatazama kompyuta, akatabasamu. "Mama huyu iko sawa kabisa. Yote kijani! Endelea hivyo hivyo."

"Sista, hajameza dawa wiki nzima."

Nabintu akanikanyaga mguu chini ya benchi. "Huyu anafanyaka mzaha tu, sista."

Tukarudi nyumbani. Njiani alisimama mara nyingi, akisema anahesabu mawingu.

Ijumaa hakuamka vizuri. Gari lilimfikisha hospitali ya Mbarara akihema kwa nguvu, hasemi. Jumapili akatutoka.

Jana tukiwa bado makaburini, simu za timu yake zililia kwa pamoja. Wale wanne waliobaki wakazitoa ndani ya vitenge, wakabonyeza ndiyo, wakazirudisha.

Nilikuwa karibu na Mama Sifa. Nikamuuliza taratibu, "Mama, wewe dawa unayo?"

Mkononi alishika chupa ya maji, tupu, na midomo ilikuwa imekauka kabisa.

Nabintu, kesho natoka na Mama Sifa kwenda Mbarara, apende asipende. Wewe lala salama, dada. Sisi huku, bado sijui tutalalaje.