Siku ya Wapendanao Nilipomkumbatia Mama Mkwe

Nilimkumbatia mama mkwe wangu mbele ya kanisa zima, kwaya ikiimba, pasta kando yetu akipeperusha petikoti nyekundu kama bendera. Yule mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Akanisukuma, akaruka benchi, akatoka mbio kwenye vichochoro vya Kisumu Ndogo, huku kwetu Kibera. Kiatu chake kimoja kilibaki madhabahuni.

Wengine watauliza, kwani kumkumbatia mkwe ni nini? Sisi watu wa Magharibi ya Kenya, mama mkwe hata mkono humpi. Akishika njia hii, wewe unashika ile. Mimi nikimwona kwa mbali nilikuwa naingia hata nyumba ya mtu nisiyemjua, nangoja apite. Hiyo ndiyo heshima, na hiyo heshima ndiyo iliyoniponza.

Mambo yalianza na katibu wa kwaya. Miaka hiyo ya tisini Valentine ilikuwa imeanza kuingia mitaani kwetu, maua ya plastiki yanauzwa kando ya omena, vile visamaki vikavu. Katibu alikuwa amesoma hadi fomu foo, na mtu wa fomu foo akisema jambo, nani atabisha? Akasema na sisi tufanye Siku ya Wapendanao, lakini kikristo. Wanawake wabandike namba kifuani, wanaume waokote karatasi kwenye kikapu. Namba utakayopata, huyo unampa zawadi, unamwambia asante, unamkumbatia kwa upendo wa Bwana. Pasta akapiga makofi.

Mimi ni fundi wa mawe, niliishia darasa la nne. Miaka kumi ya ndoa sikuwahi kumwambia mke wangu asante, tulikuwa tunaishi tu. Nikaona nafasi ndiyo hii. Nikamwendea katibu na kopo zima la gorogoro, limejaa omena. Nikamwambia, "Fanya nipate namba ya mke wangu."

"Hiyo ni dhambi ndogo, mzee," akasema, tayari ameshaipokea. "Mama watoto ni saba. Karatasi yake nitaikunja pembe. Ukishika yenye pembe, toa."

Nikaenda Kawangware kwenye mitumba, nikanunua petikoti nyekundu yenye lesi, nikaifunga kwa gazeti.

Jumapili ikafika, na mama mkwe akatokea bila kutuma habari. Alikuwa amekuja kumtembelea mwanawe Kawangware, akasikia kwetu kuna sherehe. Wageni walipotambulishwa nikasikia kikohozi chake. Palepale nikageuza kiti nikaangalia ukuta. Vijana walio nyuma yangu wakaniuliza, "Buda, umekosana na Mungu?"

Kwa hivyo sikumwona mke wangu akibandua namba yake na kumbandika mamake, kisha akatoka nje kupika chai ya wageni. Baadaye alinieleza: mgeni ataketi vipi bila namba, kama mtu asiyependwa? Simlaumu. Ndivyo alivyolelewa.

Nikaokota yenye pembe. Katibu akasoma, "Saba!" Alikuwa amesimama mbele, macho anayo, na mgeni alikuwa ameshatambulishwa. Aliona namba iko kwa nani. Akanyamaza, omena yangu iko tumboni mwake.

Nilienda mbele nikiangalia chini, nisije nikakutana macho na mkwe. Wanawake nao wakamvuta mbele mwenye saba, kajifunika uso kwa leso asinione mimi. Pasta akanipokonya zawadi, akachana gazeti, akainua ile nguo juu. Vigelegele.

"Mwambie asante!"

"Asante kwa miaka kumi ya kunisugua mgongo," nikaiambia sakafu.

Vijana wakapiga kelele, "Buda, mkumbatie! Kaza!" Pasta akatusukuma pamoja. Nikakumbatia. Ndipo nikanusa ugoro. Mke wangu hatumii ugoro.

Mke wangu alimfuata mamake Kawangware siku hiyohiyo, na watoto. Kesho yake nikaenda. Shemeji akanizuia mlangoni.

"Shemeji, hapa huingii. Mama hali, haongei. Leta kondoo wazee wachinje, mtakaswe. Halafu utamchukua dada."

Nikarudi kwa pasta. Akasema kondoo ni ushenzi, nikichinja ananitoa kanisani.

"Basi njoo uwaambie ni wewe uliyetusukuma."

"Mimi nilisukumwa na Roho, nikakusukuma wewe."

Jumapili iliyofuata, petikoti ikapigwa mnada pamoja na mayai na mkungu wa ndizi za sadaka. Aliyeinunua ni katibu.

Nikanunua kondoo nikampeleka, kanisa likanitoa. Lakini wazee wana utaratibu wao: kabla ya kisu, aliyepanga jambo lazima aje aseme alivyopanga. Nikamtuma mtu kwa katibu mara tatu. Akajibu kwamba karatasi niliiokota kwa mkono wangu mwenyewe. Mzee mmoja akanitazama sana. "Mtu ananunua nguo ya ndani bila kujua atampa nani? Huyu alijua." Kondoo akafunguliwa kamba, nikarudi naye Kibera akinililia njia nzima.

Mke wangu amezeekea kwa kaka yake. Tukikutana barabarani ananisalimia kama jirani. Mamake bado anaishi, lakini ni mzee sana, na nasikia akitajiwa mimi anajifunika uso kwa leso.

Sasa wewe katibu. Nimeambiwa siku hizi una kanisa lako, na kila Februari unawafanyia watu sherehe ileile. Njoo Kawangware usimame mbele ya yule mama angali na masikio, useme ni nani aliyekunja ile karatasi. Na mimi unijibu hapohapo, watu wakisikia: ulipoiona namba saba kifuani mwake, kwa nini ulinyamaza?