Mzega na Kijitabu cha Aljebra

Sogeeni wanangu, nyamazeni kidogo. Juzi nilipeleka maji shuleni kwetu Naipingo, nikamkuta mwalimu wa hesabu kaweka kijitabu chake cha aljebra kando ya muhtasari wa somo, kashika tama. Kesho yake mthibiti ubora angekuja kukikagua.

“Bibi, muhtasari unataka mifano ya mazingira yetu. Mimi nimejaza matufaha!”

Mzega, ule mti wangu wenye ndoo huku na huku, ulikuwa bado begani. Nikamwambia achote kata moja kutoka ndoo ya kulia. Mti ukainama kushoto. Akachota na ya kushoto, ukatulia.

“Nilipojifunza kuubeba, marehemu mama alinifokea hivi: ukipunguza huku, punguza na huku.”

“Bibi, huo ndio mlinganyo! Maji tusiyojua kiasi chake tunayaita eksi.”

Kumbe mama alinifundisha aljebra!

Matufaha yametoka kijitabuni, na darasa limerithi mzega wangu. Mimi nimerithi eksi, nikaichora ukutani kwa chaki; jirani kaja mbio kuuliza nyumba yangu inabomolewa lini.