Filamu ya Mia Ndani ya Kikopo cha Mia Nne

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa studio hakunipa kamera. Alinipa kikopo cha filamu akaniuliza kimeandikwaje. Nikasoma: ASA 100. Akaniambia nikikosea namba hiyo, mengine yote atakayonifundisha ni bure.

Nyinyi vijana mnaiita ISO, na simu inajichagulia, kwa hiyo nitaeleza. Namba hiyo ni wepesi wa filamu kuona mwanga. Mia ilikuwa ya jua. Mia nne ilikuwa ya mawingu na ya ndani ya nyumba, na huku kwetu kwenye majani chai, ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri, mia nne ndiyo iliyotulisha. Ukishatia filamu, ulizungusha gurudumu la kamera mpaka kwenye namba yake, na kamera ikajua ipime mwanga vipi.

Studio yetu ya Kericho ilikuwa na ujanja wake. Tulinunua filamu ndefu ya nyeusi na nyeupe ndani ya mkebe, tukaikata gizani na kuijaza kwenye vikopo vilivyokwisha tumika. Kikopo kingeweza kuwa kimechapwa mia nne na ndani kuna mia. Ndiyo maana Fundi Mkuu alibandika plasta kwenye kila kikopo na kuandika namba ya kweli kwa biro. Aliyepuuza plasta alifokewa siku nzima, na alistahili.

Nilifanya kazi hivyo miaka minne, mjini kwanza, halafu tawi la Kaplong, kisha mjini tena. Ndipo katikati ya miaka ya tisini Mwenye Studio akarudi kutoka Nairobi na kamera inayojipangia. Haikuwa na gurudumu. Ilijisomea namba kutoka kwa vile vimraba vyeusi na vya fedha vilivyochorwa ubavuni mwa kikopo. Nikamwambia palepale kwamba kamera itasoma kikopo, haitasoma plasta.

"Rael, hii inajisomea," akasema. "Wewe kazi yako ni kufinya tu."

Kamera za zamani akazifungia kabatini, na ufunguo akatembea nao.

Jumamosi moja akanituma Merigi, kwenye harusi ya Mzee arap Sang na Kogo Tabutany. Kogo ndivyo tunavyowaita nyanya zetu. Walikuwa wameoana kimila tangu ujana na walikuwa na wajukuu. Sasa Mzee alikuwa mgonjwa wa kifua, na Kogo alitaka baraka za kanisa na picha moja ya wao wawili. Hawakuwa wamewahi kupigwa picha pamoja, na ukimwona Mzee akisaidiwa kupanda ngazi ulijua hakutakuwa na nafasi ya pili. Alikuwa ametibiwa macho, kwa hiyo mchungaji alikataza flashi. Nje mvua ya mawe ilipiga mabati. Ndani kulikuwa na madirisha mawili madogo. Nikatazama kikopo nilichopewa. Kimechapwa mia nne, plasta inasema mia. Sikuwa na kingine.

Kamera ingedhani filamu inaona vizuri kuliko inavyoona, na kuipa robo tu ya mwanga iliouhitaji. Lakini kosa hilo lilikuwa na tiba. Filamu iliyonyimwa mwanga huachwa kwenye dawa ya kusafishia muda mrefu zaidi, na sura hutokea, zenye chengachenga lakini ni sura. Nikapiga picha viwiko vyangu vimeegemea benchi, kamera isitikisike. Nikaandika karatasi, nikaifunga kwenye kikopo kwa mpira: hii ni mia, imepigwa kama mia nne, iongezwe muda.

Fundi Mkuu alikuwa likizoni, basi Mwenye Studio akasafisha mwenyewe. Aliivua karatasi yangu, akaitia filamu kwenye tangi moja na picha za pasipoti, ili amalize mara moja. Nilimkuta ameshamwaga dawa.

"Kamera ilishapiga hesabu," akasema. "Wewe unaongeza muda ya nini?"

Hasira ya siku hiyo ninayo mpaka leo. Kosa ningelisamehe; mimi mwenyewe nimewahi kuunguza filamu za watu. Lakini mtu aliyekuwepo, aliyeona giza la lile kanisa kwa macho yake, anaandika kwa mkono wake, na maneno yake yanatupwa kwa sababu eti mashine haikosei. Kisha Kogo alipokuja, Mwenye Studio akamwambia mbele yangu kwamba Rael hajui kutumia kamera mpya.

Kogo aliishika picha karibu na mlango penye mwanga. Ilikuwa giza tupu, isipokuwa kitambaa cheupe cha kichwani mwake.

"Mzee ako wapi hapa?" akaniuliza.

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Chukua biro uniwekee alama hapo," akasema. "Nisikuje kusahau."

Nikaweka. Mzee akafariki kabla mahindi hayajavunwa, nami nikaacha studio ile, nikajifanyia kazi Kaplong hadi macho yalipochoka.

Sigombani na ISO ya kujipangia. Itumieni, ni kitu kizuri. Wekeni kikomo isipande ovyo, na mtazame picha kabla watu hawajatawanyika. Na aliyeshika kamera akiwaambia hapa kuna giza, msikilizeni.

Mchungaji wangu hunihimiza nimsamehe Mwenye Studio, kwa kuwa sote wawili tumezeeka. Mimi humjibu amtume kwanza Merigi, akawaonyeshe watoto wa Kogo baba yao kwenye ile picha. Wakimwona, nitamsamehe.