Mbwa Aliyezoeshwa Bukari

Juzi binti yangu alileta mtoto wa mbwa nyumbani, akaja na maagizo pia. Daktari wa mifugo alikuwa amemwonya asimbadilishie chakula kwa ghafla. Achanganye kile alichokizoea na kile kipya, kidogo leo, kesho azidishe, hadi tumbo likubali. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mama yake mambo ya kisasa, nami nikacheka mpaka akanuna. Kisha kicheko kikanikatika. Nilikuwa nimemkumbuka kambo, ameketi kwenye mlango wa jiko la nyuma, mwiko mkononi, akimtazama mbwa mwingine kabisa.

Kambo ndivyo tunavyomwita bibi au babu hapa Lubumbashi. Huyu alikuwa mama wa mama yangu. Alikuja kutoka kaskazini ya Katanga mama alipojifungua mdogo wangu, na kwa sababu ambazo wakubwa hawakutueleza, hakurudi. Sijui kwenu mambo ya ukwe yakoje. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaulizani neno. Baba akirudi kazini alikohoa kwa nguvu langoni, ili kambo apate nafasi ya kuingia jikoni, na huko ndiko alikokula. Kati yao palikuwa na ukuta wa matofali na mtoto wa kupeleka maneno. Mtoto huyo nilikuwa mimi. "Ambia baba yako," kambo angesema, na baba, aliyekwisha kusikia kila kitu, angengoja nifike mbele yake ndipo ajibu.

Tuliishi katika kambi ya wafanyakazi wa shaba, enzi za Zaire, wakati mwalimu wetu alipotuimbisha nyimbo za chama kila asubuhi kabla hajatufundisha chochote. King'ora cha kiwandani ndicho kilichotuamsha na ndicho kilichomrudisha baba. Siku ya posho wanawake walirudi na mabeseni kichwani: unga wa mahindi, maharagwe, mawese, na makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi ambao harufu yao ilijaza barabara nzima. Baba alikuwa fundi wa mashine, na fahari yake ilikuwa bukari. Wengine mnaiita ugali. Yake ilikuwa nyeupe, ya mahindi matupu. "Bunga ya mihogo ni ya bale habana kazi," alizoea kusema akinawa mikono. "Siku batoto bangu batakula mihogo, mujue baba yenu haiko tena mwanaume." Sisi tulicheka, tukidhani ni utani.

Mkubwa wake wa kazi, mtu wa Ulaya, alikuwa akifunga mizigo arudi kwao, kama wengi walivyofanya miaka ile. Akampa baba mtoto wa mbwa wa rangi ya mchanga, pamoja na kopo la maziwa ya unga, kwa kuwa yule mbwa hakuwahi kula kitu kingine ila mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Baba alifurahi, maana wezi walikuwa wameanza kuruka nyua za kambi. Mama naye alifanya alichofunzwa kumfanyia yeyote anayeingia nyumbani kwa mara ya kwanza: alimpikia. Akamwekea bukari ya moto, kipande kikubwa cha makayabu, na mchuzi uliojaa mawese, sehemu ambayo sisi watoto tuliiona kwenye sahani za wageni tu. Kwa hiyo tukamwita Mugeni. Kopo la maziwa likapanda juu ya kabati, akiba ya mdogo wangu.

Asubuhi Mugeni hakuinuka. Aliharisha maji, akatapika, macho yakaingia ndani. Mama akahangaika kumbadilishia, mchana sombe, yaani kisamvu, jioni maharagwe, kila mara akidhani chakula kilichotangulia ndicho kibaya, na kila mara hali ikazidi. Nilikaa kando ya gunia lake nikimfukuzia nzi. Niliogopa sana. Sikuwahi kuona kitu ninachokipenda kikififia hivyo mbele ya macho yangu. Baba alisema akifa tusipige kelele, mbwa ni mbwa, lakini aliyasema hayo akiwa amempa kisogo.

"Muko munamuua na heshima," kambo akasema kutoka jikoni. Hakumpenda mbwa hata kidogo, na hakuwahi kumgusa. "Ule ni mutoto. Muliona wapi mutoto banamuachisha ziwa na makayabu? Ambia mama yako alete ile maziwa."

Mama alisita. Alimtazama mdogo wangu mgongoni, akalitazama kopo, kisha akalishusha.

Siku ile kambo aliagiza Mugeni apewe maji yaliyochemshwa, basi. Baadaye maziwa, yale yale aliyoyajua. Alipopata nguvu za kunilamba mkono, kambo akatia katika maziwa uji wa mahindi, kiasi cha ncha ya kijiko. "Tumbo haipendake kushituliwa," aliniambia huku akikoroga. "Ile inajua, tunaiachia. Ile haijue, tunaiingiza pole pole. Itaona ni ile ile tu." Kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kwenda nyuma ya nyumba kukagua alichoacha Mugeni, kisha kutoa ripoti. Kazi ya fedheha, na marafiki zangu hawakunisamehe, lakini niliifanya kama askari. Nikisema kimeshikana, kambo aliongeza uji. Nikisema ni maji, alirudi kwenye kipimo cha jana, hana hasira wala haraka. Maziwa yakapungua, uji ukawa mzito, hadi siku moja Mugeni alikula bukari iliyopoa, bila maziwa hata tone, akatikisa mkia. Hakujua kwamba kuna kitu kimeondolewa.

Mvua za mwaka ule zilikuta posho imekonda. Mahindi yalitoka mbali, mengine yalipitia mpakani Sakania kwa treni, na treni zikawa zinachelewa, halafu haziji. Mabeseni yaliyojaa yakaanza kurudi na unga uliofunika sehemu ya chini tu. Mama alitoka kwenye foleni akibeba beseni kwa mkono mmoja, na kikohozi cha baba langoni kikawa chembamba. Kambo alianza kuondoka mapema kwenda Kasungami, ambako mwanamke wa kwao alimgawia kipande cha shamba. Alirudi na kapu lililofunikwa kwa majani ya sombe, nami niliona majani tu. Kutwanga, kazi ambayo zamani alinilazimisha kusaidia, akawa anaifanya peke yake wakati baba yuko kazini. Nyuma ya jiko palikuwa na harufu kali ya mihogo iliyolowekwa, nikadhani inatoka kwa jirani. Mezani bukari iliendelea kuja. Watoto wa kambini waliposema kwao mahindi yamekwisha, nilijivuna. Kwetu bado, niliwaambia.

Jumapili moja, baada ya misa, jirani yetu alipita kuomba chumvi. Mama akamkaribisha tule pamoja. Jirani akamega tonge, akatafuna, akatabasamu kwa wema wote.

"Eh mama, hata kwenu mulishaka kuacha mahindi? Hii njo mihogo tupu. Lakini mulipika muzuri!"

"Hapana," nikasema mimi, "yetu ni ya mahindi."

Hakuna aliyeniunga mkono. Mama alikuwa ameinama. Mkono wa baba ulisimama kati ya sahani na mdomo, na nyuma ya ukuta mwiko ukaacha kukwangua sufuria. Baba akaligeuza tonge lake, akalitazama pande zote. Kizingitini Mugeni alikuwa amejilaza, mnene, akingoja makombo. Baba akamtazama na yeye, kwa muda mrefu, na nilimwona baba yangu anaelewa. Nami nikaelewa kwa kumtazama yeye. Nilingoja apige kelele. Niliogopa kwamba neno moja tu la hasira likipenya ukuta ule, mbele ya mtu wa nje, kambo atakunja mkeka wake aende stesheni, na tusimwone tena.

"Ambia kambo," baba akasema. Akalichovya tonge kwenye mchuzi. "Ambia kambo, bukari iko muzuri. Kama inabakia, aniongezee."

Akatia tonge mdomoni.

Nilizunguka ukuta. Kambo alikuwa amejifunika uso kwa pindo la kitenge. Nilipofungua kinywa nitoe ujumbe wangu, alinishika mkono. "Nilisikia," akasema, yeye ambaye siku zote hakuwahi kukubali kwamba anasikia. Kisha akanipa sufuria nzima nipeleke.

Mugeni alizeeka kwetu. Kambo alirudi kaskazini ndani ya sanduku, na baba, ambaye hakuwahi kumtazama usoni, alisafiri na sanduku lile njia yote. Kambi ipo, ila ukipita leo hutaitambua. King'ora kimenyamaza. Posho ilikwisha, kama yalivyokwisha maziwa ya watoto shuleni, na dawa katika zahanati, na bomba la maji kwenye kona. Hakuna kilichoondoka kwa kishindo. Kila msimu kilipunguzwa kijiko kimoja, nasi tukaendelea kula. Kambo alituchanganyia kwa upendo, akijificha ili mkwe wake asivunjike. Hao wengine waliotupunguzia, sijui walikuwa na nini moyoni, na hilo linanichoma bado.

Binti yangu aliniuliza atajuaje siku ya kuacha kabisa chakula cha zamani. Mara nyingi nimejaribu kuikumbuka siku tulipokula mahindi ya mwisho katika nyumba ile, na siikumbuki. Nilikuwa nimekaa kati ya baba na mama, nakula, nashiba, nikaona ni ile ile tu.